Mzee Mitumba Hakuuza Hata Soksi

Sumbawanga,
Jumanne, alasiri

Mwanangu Tekla,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi ukitafuna muhindi wa kuchoma, ukaniambia unakwenda kuwaaga wenzako na hutakawia. Kwa saa za vijana wa mjini, hutakawia maana yake nina muda wa kuandika barua, kuirudia, na hata kuichana nianze nyingine. Yangu mimi si mbaya, ila siwezi kukaa. Nimesogeza pembeni suruali ya mwalimu mmoja iliyotakiwa iwe imekwisha jana, nimefuta chaki kwenye meza ya kukatia, na nimenyanyuka mara tatu kabla ya kuandika jina lako. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama mawingu upande wa milima ya Mbizi. Mara ya pili nilikwenda kuona kama tiketi ingali chini ya redio nilikoiweka. Ingalipo. Mara ya tatu sikumbuki nilikwenda kutazama nini. Nilifika mlangoni nikarudi.

Usiogope, sitakufundisha kuchemsha maji wala kufunga sanduku. Mama yako amekwisha kukuambia yote hayo, na mengine amekuambia mara mbili ili yasijisikie upweke. Mimi nina jambo moja tu. Linamhusu babu yako, na linanihusu mimi kuliko yeye.

Juzi Jumapili tulipokwenda kijijini umuage, ulikuwa na haraka, nami sikukulaumu, maana nilikuwa nayo pia. Babu alikushika mkono akatupeleka sote hadi kwenye kile kipande cha shamba kilicho kando ya barabara kuu, akakuonyesha ntumba, vile vilima vya udongo alivyoanza kuchimba mwezi huu. Akasema hizi ni za kwako. Ukacheka, kile kicheko chako cha kutupa kichwa nyuma, ukamwambia:

"Babu, mimi nakwenda kusomea uuguzi. Hizo ntumba nitampa mgonjwa gani?"

Tulicheka wote. Mama yako alicheka, mimi nilicheka, na babu mwenyewe akacheka akisema, "Basi nimesikia vibaya." Kisha akaegemeza jembe begani akatutangulia nyumbani. Kicheko changu kilikatikia hapo hapo. Sijui kama uliona. Uliniuliza njiani mbona nimenyamaza, nikakudanganya kwamba jino linaniuma. Jino langu halina neno, Tekla. Lililoniuma ni kwamba maneno yako niliyajua. Ni yangu. Umeyarithi kama ulivyorithi haya masikio makubwa, na kwa yote mawili naomba radhi.

Kwa hiyo sikuandikii kukukaripia. Ningekuwa na haki hiyo ningeitumia pale pale shambani, mdomo ninao. Nakuandikia kwa sababu ile hadithi ya Mzee Mitumba, ambayo umenisikia nikiisimulia tangu hujamaliza kuota meno ya pili, nimekuwa nikiisimulia vibaya. Nivumilie niirudie kwa utaratibu, pamoja na yale niliyokuwa nayaruka.

Unajua nilikuwa Mbeya, karani wa mizani kwenye ghala la mazao la serikali. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama mshale wa mzani na kuandika unachosema. Nilivaa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Ndipo ikaja ruksa ya biashara. Wewe umepata akili madukani kuna sabuni za rangi tatu, huwezi kukumbuka ilivyokuwa. Sisi tulikuwa tumepanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni ya mche, tukavaa suruali moja hadi magoti yakaona jua. Halafu ghafla kila mtu akawa mfanyabiashara. Mwenzangu mmoja wa ofisini aliaga Ijumaa akiwa karani, Jumatatu nikamkuta barabarani amevaa miwani ya jua anauza redio. Tangu siku hiyo mshale wa mzani ukawa haunipendezi tena. Nikasema mimi nami ni mwanamume. Nikaacha kazi, nikaenda Tunduma, nikanunua mabelo mawili ya nguo kuukuu.

Kabla sijaja nilituma ujumbe kijijini. Mama Oresta, Mungu amrehemu, yule aliyekuwa akiuza dagaa wa Kasanga, alikuwa Mbeya kumuuguza dada yake, naye alikuwa anarudi. Nilimwambia: "Mwambie baba narudi nyumbani. Nimeacha ukarani, naingia kwenye mitumba."

Hapo ndipo wasikilizaji wangu huanza kutabasamu. Neno mitumba lilikuwa bado geni huku kwetu. Wazee nguo hizo waliziita kafa Ulaya, kwa imani kwamba mwenyewe ni marehemu, maana mtu aliye hai hawezi kuachia koti zuri namna ile. Lakini ntumba, hizo kila Mfipa amezaliwa anazijua. Wewe peke yako ndiye uliyeziona dirishani mwa gari ukiwa na miaka minne ukaniuliza kwa nini watu wa kijijini wanazikwa wengi hivyo. Nikakueleza kwamba si makaburi, kwamba mwishoni mwa mvua mtu hulaza majani, akayafunika kwa mabonge ya udongo hadi kikawa kilima cha duara, akayaacha yaoze humo. Na mvua za mwaka unaofuata zikianza, hukitawanya kile kilima akamwaga ulezi. Ukasema, kumbe wanazika majani. Babu yako alicheka jibu hilo mwaka mzima.

Basi nikaja, na mvua za Machi, juu ya lori la mtu, nimekalia belo langu. Nilikuwa nimevaa suti niliyoichomoa ndani yake, mikono inafika kwenye kucha. Kijiji kizima kilitoka. Babu yako aliwapenya watu, akaitikia shikamoo yangu upesi upesi, hakuyatazama mabelo wala suti, akanishika mkono: njoo uone. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kuanzia njia ya kwenda kisimani hadi ukingo wa kijito, ntumba tupu. Mistari kwa mistari, mbichi, udongo bado unang'aa. Watu walikuwa wametufuata nyuma. Nami, Tekla, mbele yao wote, na suti yangu ya marehemu, nikasema:

"Baba, mimi nimesema mitumba, wewe umechimba ntumba! Hizi nitamuuzia nani?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Babu yako alitazama vilima vyake, akanitazama mimi, akasema: "Basi nimesikia vibaya. Twende ukale." Tangu siku hiyo jina lake likawa Mzee Mitumba. Wageni hudhani alikuwa mfanyabiashara. Hakuuza hata soksi.

Hapo ndipo hadithi yangu huishia, na watu hunipigia meza. Nimeisimulia hapa kibarazani nikiwapima wateja kiuno. Nimeisimulia kwenye harusi tatu ninazozikumbuka. Nimeisimulia mbele yake, naye alitabasamu mahali pale pale pa kutabasamu, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi kukariri.

Nimenyanyuka kidogo. Kuna basi limepita likielekea stendi, nikataka kuona kama ndilo lenu la kesho. Silo. Tairi za hili zimekwisha. Sasa sijui kama nifurahi silo au niogope kwamba lenu sijaliona.

Tuendelee na ninayoyarukaga.

Naruka viganja. Alipotaka kuninawisha mikono siku ile, nililiona birika likiteleza mkononi mwake mara mbili. Viganja vilikuwa vimechubuka, vimefungwa vitambaa. Bibi yako alikuwa akieleza tangu mlangoni kwamba mzee alikuwa anaondoka kabla jogoo hajamaliza kuwika, hataki msaidizi, anasema mtoto akija asikute shamba la kuazima. Nilisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Akili yangu ilikuwa kwenye mabelo.

Naruka pia tulichokuta ndani ya mabelo. Tuliyafungua juu ya mkeka, watu wamezunguka. Zikatoka kaptura. Zikatoka kaptura tena. Zikatoka nguo za kike za kuogelea, nyingi, za maua, halafu kaptura. Hapa, Ufipa, ambapo mwezi wa sita mtu akisalimia mdomo unatoa moshi. Makoti yalikuwa mawili katika mabelo yote. Moja lile dogo la rangi ya waridi, ulilolivaa hadi mikono ikafika kwenye kiwiko. La pili lilikuwa la mwanamke, jeusi, lina manyoya shingoni.

Lile la manyoya babu yako alilivaa. Jumapili iliyofuata alilivaa kanisani, akaacha nafasi yake ya nyuma ya miaka yote akaenda kukaa benchi la mbele, wazi, mahali ambapo kila anayekwenda kupokea komunyo lazima ampite. Akiulizwa, alisema ni bidhaa za mwanangu, ziko nyingi, njooni. Niliona haya hadi nikatoka nje kabla ya wimbo wa mwisho. Nikamwambia alivue, ni la kike, vifungo viko upande wa kike. Akasema, "Koti ni koti. Baridi haiulizi vifungo viko upande gani." Akalivaa mwaka mzima.

Naruka baiskeli. Siku za mnada, belo lilifungwa kwenye karia ya baiskeli yake, naye ndiye aliyeisukuma, kupanda na kushuka, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kalamu mbili na sikutaka kuonekana nasukuma mzigo. Mimi nilitembea nyuma, mbali kidogo, kama mtu anayekwenda safari yake. Huko mnadani mfugaji mmoja wa Kisukuma, kati ya wale waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao, alinunua kwangu nguo mbili za kuogelea. Nilifurahi sana, nikamwambia mke wake atapendeza. Akaniambia ni za kuchujia maziwa. Ndiye alikuwa mteja wangu bora.

Biashara ilikufa. Haikuchukua hata mwaka. Nilikaa nyumbani kwa baba yangu, mtu mzima mwenye mke na mtoto, natazama ukuta. Mvua za Novemba zilipoanza nilitoka asubuhi moja nikamkuta anazitawanya zile ntumba, peke yake, koti la manyoya limening'inia kwenye uzio. Hakuniita. Nilisimama pale, nikarudi ndani. Hilo nalo narukaga.

Ulezi ulikubali kuliko miaka yote. Tulikula wa kula, bibi yako akapika pombe kidogo, mwingine ukauzwa. Siku moja baada ya mavuno babu akatokea njiani anaisukuma ile baiskeli, na juu ya karia, mahali pale pale pa belo, imefungwa cherehani. Kuukuu, gurudumu lake linalia. Akaniambia: "Zile kaptura, huwezi kuzigeuza zikawa kitu?" Ndiyo hii hii, Tekla, iliyo mbele yangu wakati naandika. Kaptura mbili zilitoa sketi moja ya mtoto. Nilijifunza ufundi kwa kuharibu mali ya marehemu, na marehemu hawakulalamika. Ndiyo tukahamia mjini. Ndiyo ukasoma. Na miaka ile ruzuku ya mbolea ilipoondolewa, wenzetu waliokuwa wamezoea mbolea ya dukani wakakuta mahindi yao manjano kama karatasi za ofisi, babu yako hakutetereka, kwa sababu mbolea yake ilikuwa chini ya vilima, haikujua kwamba kuna bei imepanda.

Yote hayo niliyajua. Nilikuwa nayaruka tu kwa sababu hayachekeshi. Nilijiambia: mzee alisikia vibaya, bahati ikawa nzuri, na mimi nimekuwa mwana mwema, nampelekea sukari, namshonea suruali bure. Nikaridhika na nafsi yangu hadi Jumapili.

Jumapili, mlipokuwa mkila, nilimfuata bibi yako jikoni. Nilitaka kumwambia kwa upole kwamba tumpeleke mzee hospitali akatazamwe masikio, kwa sababu sasa ni mara ya pili anachimbia watu ntumba kwa kusikia vibaya. Alikuwa anapakua ugali, hakuinua uso.

"Masikio ya baba yako hayana neno," akasema.

Nikamwambia, mama, lakini hata ile mara ya kwanza.

"Ile mara ya kwanza mimi nilikuwepo. Mama Oresta alikaa hapo ulipokaa. Alisema nguo. Alisema kafa Ulaya, akavuta na upindo wa koti lake kutuonyesha."

Nilidhani anatania. Bibi yako hatanii akiwa na mwiko mkononi. Nikamwuliza, kama alisikia nguo, kwa nini alichimba? Akasema usiku ule ule babu alimwambia mtoto anaacha mshahara, anakuja na nguo za watu waliokufa, ana mke na mtoto, tumtangulizie chakula. Asubuhi akachukua jembe. Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia, miaka yote hii. Hapo ndipo akainua uso.

"Ulishuka kwenye lori unang'aa, mwanangu. Watu wamejaa. Angesemaje mbele zao kwamba baba yako haiamini biashara yako? Ulisema amesikia vibaya, akasema haya. Akaona afadhali achekwe yeye."

Kisha akanipa sahani nipeleke nje.

Nilitoka na ile sahani nikamkuta babu yako anakuuliza maana ya poa. Ulikuwa umewaitikia watoto wa jirani mambo yao, naye alikuwa anataka kujua ni nini kilichopoa, kama ni chakula kirudishwe jikoni. Ukamweleza, ukacheka, naye akashangaa kama mtu asiyejua. Nikamtazama, nikaanza kujiuliza kama kweli hajui. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na maneno mengi kinywani, ya miaka kumi. Nikafungua mdomo nikasema, "Baba, mvua itanyesha." Akatazama juu, akasema, "Itanyesha." Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Tangu hapo sijatulia. Jana nimeshona zipu ya mteja ikafungukia ndani. Juzi njiani kurudi kutoka kijijini, wewe ukisinzia begani mwa mama yako, nilianza kukumbuka mengine ambayo huenda niliyasikia vibaya. Nilikumbuka safari yangu ya kwanza kwenda shule ya misheni Kaengesa, mwezi wa saba, umande umeganda kwenye nyasi, mimi peku. Baba alivua katambuga zake za tairi akanivalisha, akasema miguu yake inaungua moto, nimsaidie kuzibeba kwa kuzivaa. Nilizivaa, kubwa kama mitumbwi, nikamwonea huruma mzazi wangu mwenye ugonjwa wa miguu ya moto. Nilimwonea huruma hiyo hadi nilipokuwa na miaka thelathini na nane, kwenye kiti cha gari, juzi Jumapili. Unaona baba uliyepewa. Karani wa mizani mzima, nilikuwa nasoma mshale peke yake, mzigo siuoni.

Sasa wewe unakwenda kuwa muuguzi, na katika kazi hiyo mimi siwezi kukufundisha kitu, kwa sababu nikiona damu nakaa chini. Lakini nadhani utakutana na watu wengi wa aina ya babu yako. Utawauliza hali, watakuambia hawajambo. Utawauliza kama wanaumwa, watakuambia walisikia vibaya tu, mtoto ndiye aliyewaleta. Usinifuate mimi, niliyetazama vilima nisivitazame viganja. Tazama viganja. Basi, hilo ndilo pekee nililonalo, na limenichukua miaka kumi na sahani moja ya ugali.

Na hao wenzako wa chuoni, wakisikia unatoka Sumbawanga, watakuuliza kama umekuja kwa ungo, kama wachawi. Usikasirike. Waambie ungo ulikuwa umejaa ndiyo maana ukapanda basi. Ukikasirika watasadiki.

Nimerudi tena mlangoni. Mvua imeanza kwa mbali, ile nyembamba. Naomba isizidi, barabara ya Laela ikilowa mtalala njiani. Mama yako ananiuliza kutoka ndani nimepoteza nini, hii ni mara ya ngapi natoka. Nimemwambia nimepoteza sindano. Kumbe na mimi najua kudanganya, ila mimi nadanganya kwa ajili yangu mwenyewe. Bado nina safari ndefu kumfikia mzee.

Sasa nikuambie la kesho, maana ukija kulikuta asubuhi utasema baba amechanganyikiwa. Nilikuambia tiketi iko chini ya redio. Ziko mbili. Moja ni yako hadi mwisho wa safari. Nyingine ni yangu hadi njia panda ya Kaengesa. Konda alinicheka, akasema mtu wa njia panda hakatiwi tiketi, hupanda tu akasimama mlangoni. Nikamwambia nataka kukaa karibu na mwanangu kipande hicho. Akaniandikia. Na ukiona kwenye buti kitu kirefu kimefungwa kwa mfuko wa salfeti, usiulize mbele za watu. Ni jembe. Nimelinunua leo. Muuzaji alitazama mikono yangu akaniuliza kama namnunulia mtu.

Kaa upande wa kushoto, dirishani. Kabla tu ya njia panda utaliona lile shamba, na babu atakuwa amesimama kando ya barabara, hakuna haja ya kumwambia aje, amekwisha kuhesabu mabasi. Dereva amekubali kusimama nishuke, lakini hatazima injini. Utakuwa na muda wa kusema neno moja. Nimefikiri ni neno gani, nikakuchagulia, lakini ukipata lako zuri zaidi tumia lako. Usimshukuru, atajifanya hasikii kwa sababu ya injini. Mwamkie, kisha mwulize: "Babu, tunazitawanya lini?" Atakuambia Novemba. Hata usipoweza kuja Novemba, na najua masomo yatakubana, atakuwa amekwisha kujua kwamba hazikuchimbwa bure.

Basi litaondoka. Usigeuke sana nyuma, utaumia shingo, na mimi sitakuwa natazama barabara. Nitakuwa nimebaki naye, mimi na jembe langu jipya kama bwana harusi. Najua akiniona atasema nimesahau kitu, au gari limeniacha. Nami safari hii sitamwambia habari za mvua. Nitamwambia maneno yale yale niliyompa Mama Oresta, ila yakiwa yamenyooshwa: "Baba, nimerudi. Naingia kwenye ntumba."

Na akijifanya amesikia nguo, nitavua koti nimpe, nianze kuchimba.

Nasikia sauti yako mtaani, unawaambia watu poa. Naficha barua hii katikati ya vitenge vyako, uikute usiku ukifunga sanduku.

Baba yako,
fundi wa kaptura